Msoma Mto Aliyepima Pungufu

Ukimwuliza mto umepanda kiasi gani, alikuambia umebakisha kiasi gani. Ukimwuliza kanisani walikuja watu wangapi, alikutajia waliokosa. Nilimjua kwa miaka mingi, na sikumbuki hata siku moja aliyonijibu swali nililomwuliza. Alijibu lile la upande wa pili, kisha akanyamaza, kana kwamba kazi yake imekwisha na iliyobaki ni yangu.

Hapa kijijini kwetu kando ya Tana, kati ya Ngao na Garsen, tunamwita Msoma Mto, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa na watu wa idara ya maji: kushuka ukingoni asubuhi na jioni, kuyasoma maji, kisha kutuma ujumbe kwa simu. Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wako wanaozijua habari hizo kuliko mimi, na hazielezi chochote. Ninachotaka kueleza ni kwa nini mama yangu hakati mpunga wake kabla ya kumwuliza mzee huyu, na jinsi jambo hilo lilivyonikera mpaka nikatenda nilichotenda.

Shamba la mama liko ukingoni kabisa. Mto ndio unaoturutubishia udongo, na mto huo huo ndio unaoweza kutunyang'anya. Ukija mapema, mpunga unapata maji. Ukija mpunga ukiwa umeinamisha vichwa, unauchukua wote. Kwa hiyo kazi ya msimu mzima inategemea siku moja, siku ya kuanza kukata. Ukikata mapema unapata mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Ukichelewa unapata matope. Baba alikufa nikiwa darasa la sita, na shamba hilo ndilo lililonisomesha mpaka chuo kikuu. Hatuna lingine.

Kabla ya kupima mto, Msoma Mto alipima mafuta. Alifanya kazi Mombasa kwenye matangi makubwa ya mafuta, akipanda ngazi za chuma juani na kuteremsha utepe wenye timazi ya shaba kupitia tundu la juu. Alipostaafu alirudi na utepe huo, na alirudi na neno moja la Kiingereza, *ullage*, alilolitamka polepole kama mtu aliyeshika yai. Mimi nilisoma Kiingereza tangu chekechea na sikuwa nimelisikia. Mara ya kwanza nilidhani amelitunga.

"Ni ile nafasi kati ya mdomo wa chombo na kilichomo," alinieleza. "Pungufu. Kile ambacho chombo kimekosa ili kijae."

"Si ungepima mafuta yenyewe, babu? Uteremshe utepe mpaka chini."

"Chini kuna tope. Kuna maji yaliyojitenga, kuna kutu. Ukipima kutoka chini, unapima na tope la watu. Juu kuna hewa tu, na hewa haina tope."

Nilikwenda kulitafuta kwenye kamusi kubwa ya chuo, nikitumaini kumkamata. Lilikuwemo. Maana yake ilikuwa hiyo hiyo aliyoniambia: nafasi tupu ndani ya pipa, tangi au chupa, iwe imeachwa makusudi ili kilichomo kipate pa kupanukia, au imetokea kwa kuvuja na kukauka. Kamusi ilisema limetoka kwenye neno la kale la Kifaransa la jicho, kwa sababu tundu la pipa waliliita jicho, na pipa lilipopungua walilijaza mpaka jichoni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maana nyingine. Mabaharia wa Kiingereza walilitumia neno hilo kumwita mwenzao asiyefaa kitu. Hiyo ya mwisho sikumwambia. Niliiweka akiba.

Kuhusu mto, lazima nikiri kwamba alikuwa na hoja. Watu wa maji walikuwa wamesimamisha ubao wenye namba majini, wa kusomea kina kutoka chini kwenda juu. Lakini chini ya Tana si chini ya mahali pengine. Mchanga unahama. Leo unasimama hapa kiunoni, mwezi ujao hapo hapo unazama. Kisha kiboko aliuegemea ubao ukainama, na toka siku hiyo namba zake zikawa za kubahatisha. Yeye aliendelea kuwatumia namba hizo, kwa sababu ndizo walizozitaka, lakini sisi alitupa zake. Alikuwa amepigilia chuma juu ya ukingo, karibu na shamba letu, na kutoka kwenye chuma hicho aliteremsha utepe mpaka kwenye maji. Alirudi nyumba kwa nyumba akisema, "Mikono mitatu na shubiri." Maana yake mto umebakisha mikono mitatu na shubiri kufika juu. Mama alielewa. Wote walielewa. Mimi peke yangu ndiye niliyeuliza mkono wa nani.

Tabia hiyo hakuiacha mtoni. Kanisani alikuwa mzee wa kuhesabu waumini, na kila Jumapili alisimama mbele akatangaza, "Leo tumekosa kumi na tisa."

"Mzee, tuambie waliokuja," mchungaji alimwomba siku moja, "ili tumshukuru Mungu kwa ajili yao."

"Waliokuja unawaona mwenyewe, mchungaji."

Watu walicheka, mchungaji hakucheka. Lakini Jumatatu Msoma Mto alikuwa akizunguka kwa waliokosa, mmoja mmoja, na ndiye aliyemkuta yule mjane wa upande wa kisimani ameanguka chooni tangu Jumamosi, hawezi kuinuka. Alitafuta vijana wakambeba mpaka hospitalini. Walipokuwa wanamwinua, mjane analia kwa maumivu, Msoma Mto alimwambia, "Jumapili ijayo usikose."

Ndivyo alivyokuwa. Wema wake ulikuja na makali yake. Siku moja alifika mlangoni kwetu na pakiti ya chumvi. Mama alikuwa na wageni wawili, wanawake wa kikundi chake.

"Nyumba hii haina chumvi," akasema, akainyoosha.

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, hakutoka mpaka mzee alipokwenda zake. Wale wanawake walitazama chini. Nilimfuata njiani nikamwuliza amejuaje.

"Juzi alikuja kwangu kuazima. Jana hakuja kurudisha."

"Na ulikuwa lazima useme mbele ya watu?"

Alinitazama kama niliyemwuliza kwa lugha ya mbali. "Kwani haikuwa kweli?"

Nilipomaliza chuo, mama alichinja mbuzi. Watu walikuja na nyimbo, wakanivalisha leso mabegani. Msoma Mto alikula, akanawa, akaniita.

"Darasani mlianza wangapi?"

Nikamwambia.

"Mmemaliza wangapi?"

Nikamwambia.

"Hao wengine wako wapi?"

Sikujua. Nilikumbuka jina la mmoja tu, msichana wa Hola niliyelala naye chumba kimoja muhula wa kwanza, kisha kitanda chake kikawa kitupu na mimi nikaweka mabegi yangu juu yake. Nilikasirika sana. Ilikuwa siku yangu. Baadaye nilimlalamikia mama, naye akasema, akipangusa sufuria, "Afadhali yeye anajua kinachopungua. Wewe unajua nini?"

Wala usidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Chai yake alitaka ijazwe mpaka mdomoni, imwagike kwenye kisahani. Nilipomwuliza, nikiwa na furaha ya kumnasa, imekuwaje basi kuhusu ile nafasi yake ya juu, alijibu bila kuinua macho: "Hiyo ni ya chombo kinachosafiri. Mafuta yakipata joto yanapanuka, yasipopata nafasi yanapasua. Chai naimalizia hapa hapa."

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na ukuta uliofika usawa wa madirisha upande mmoja na haukuendelea kwa miaka yote niliyomjua. Hilo sikumsikia akilipima.

Sasa nieleze kuhusu mwaka wa malka.

Malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wafugaji wa Kiorma wanashusha mifugo kupitia njia hizo katikati ya mashamba yetu wakati wa ukame, na mahali ng'ombe wanapopita miaka na miaka ukingo huliwa, ukawa mteremko. Malka moja ipo mwisho wa shamba la mama. Mfugaji anayeitumia tunamfahamu, amenywesha mifugo hapo tangu nikiwa mdogo, na mama humpa ndizi naye humletea maziwa. Mwaka huo mto ulipoanza kupanda, mpunga ukiwa umebakisha kama wiki moja ukomae, mfugaji huyo alisimama akimtazama Msoma Mto akiteremsha utepe.

"Mzee," akamwambia, "chuma yako iko juu. Ng'ombe yangu iko chini. Maji atapita kwa ng'ombe."

"Mimi napima mto. Sipimi ng'ombe."

"Haya. Mimi nahama."

Alihama siku hiyo hiyo. Msoma Mto alikuja kwetu akasema, "Mkono mmoja na nusu." Mama akaona bado kuna siku nne za kuuacha mpunga ukomae. Kesho yake, "Mkono mmoja." Siku ya tatu, saa sita mchana, nilikuwa jikoni niliposikia watu wakipiga kelele. Nilikimbia shambani. Maji yalikuwa yamepanda kwa malka, yakazunguka nyuma, yakaingia kwenye mpunga kutoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Na Msoma Mto alikuwa amesimama kwenye chuma chake, ukingoni, utepe mkononi, maji yakimfika magotini kutoka nyuma.

"Bado shubiri moja," alinipigia kelele, na alikuwa sahihi. Pale kwenye chuma mto ulikuwa bado haujafika juu.

Tulikusanya masuke machache kwa mtumbwi. Mama alianza kuyaanika. Mimi nilianza kusema. Nilisema kwa kila mtu, mpaka vijana wa bodaboda pale njia panda ya Minjila wakawa wananidhihaki kila nikishuka: "Msomi, leo mto umebakisha ngapi?" Nilisema mtu aliyepima pungufu ya kila kitu hakuwahi kupima pungufu ya ukingo aliosimama juu yake. Mtu yeyote aliyesoma kidogo angemwambia kwamba chombo hupimwa kwenye mdomo wake ulio chini kuliko yote. Nilisema hivyo kwa sauti, sokoni Garsen. Kwamba mfugaji alikuwa amemwambia vivyo hivyo bila kusoma popote, hilo sikulisema.

Msimu uliofuata nilikuwa bado nyumbani. Nilikuwa nimeomba kazi sehemu nyingi na sehemu nyingi zilikuwa kimya. Mpunga ulisimama vizuri kuliko miaka yote, na mto ukaanza kupanda tena. Simu za watu zilijaa ujumbe wa kutumiana: bwawa la juu linafunguliwa, bwawa halifunguliwi, hameni, msihame. Mama akasema, "Nenda kamwulize mzee."

"Mama. Baada ya mwaka jana?"

"Nenda."

Nilimkuta kwenye malka. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimesikia kwamba tangu mafuriko alikuwa akitembea ukingo wote kwa miguu akipigilia vyuma kwenye kila njia ya ng'ombe, lakini sikuwa nimeviona. Nilimwamkia, akaitikia.

"Babu, mama anauliza. Tukate au tusikate?"

"Malka hii, mkono na shubiri. Ile ya juu, mikono miwili kasoro. Ya kule kwenye migomba, mkono mmoja, lakini pale udongo ni laini, kwa hiyo..."

"Sikuulizi malka. Nakuuliza tukate au tusikate."

"Ile ya nne..."

"Babu."

"Mimi nakupa kilichobaki, binti. Hayo mengine si yangu."

Sijui hasira ile yote ilitoka wapi. Ilikuwa ya mpunga, lakini ilikuwa pia ya chumvi, na ya kitanda kitupu cha msichana wa Hola, na ya barua ambazo hazikujibiwa. Nilimwambia kwamba lile neno lake la Kiingereza nililitafuta. Nikamwambia lina maana nyingine ambayo wazungu wake wa Mombasa hawakumfundisha. Nikamwambia maana hiyo, kwa Kiswahili safi ili asikose hata silabi moja: mtu asiyefaa kitu, mtu wa ziada melini. Nikamwambia nadhani walikuwa wamemfikiria yeye.

Hakukasirika. Ningependa kuandika kwamba alikasirika. Alivuta utepe kutoka majini, akaupangusa kwa pindo la shati, akaukunja kidogo kidogo mpaka timazi ikagonga kasha. Kisha akasema:

"Kateni."

"Leo?"

"Leo. Kateni."

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchicha. "Amesema tukate."

Aliinua uso. "Amesema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

Sinia ya mchicha ilianguka. Mama alishika mundu akatoka bila hata kufunga leso vizuri, akiwaita majirani. Siku mbili tulikata, watu kumi, migongo ikituuma, tukibeba mafungu mpaka kwenye kilima. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya kumaliza chuo. Nilikuwa nimepata jibu.

Mto ulipanda ukafika nusu mkono kutoka mdomo wa malka. Ukasimama hapo siku nne. Kisha ukateremka, ukawa kama kawaida, na jua likawaka juu ya mashina ya mpunga tuliyoyaacha. Tulipopeta, upepo ulichukua karibu nusu. Mapepe yalitua kwenye nywele zetu. Wiki moja zaidi na kila ganda lingekuwa na punje. Tulikula mchele ule uliovunjikavunjika mpaka ukaisha, na uliisha mapema.

Msoma Mto aliacha kupita kwetu. Hakuacha kazi, nilimwona kwa mbali asubuhi na jioni, lakini nyumba yetu aliiruka. Mimi nilishukuru. Mama hakuniuliza tulisemezana nini siku ile, nami sikumwambia, na nilidhani hajui.

Hayo ni ya mwaka jana. Sasa mpunga umeinama tena, na jana asubuhi mama alisema, kwa sauti ile ile, "Nenda kamwulize mzee."

"Mama, yeye ndiye aliyetukatisha mpunga mbichi."

"Uliyataka wewe," alisema. "Miaka yote sijamsikia mtu yule akimwambia mtu la kufanya. Nilipoambiwa amesema kateni, nilidhani ameona mauti. Sikuuma hata punje moja kuona kama imekomaa. Nenda."

Nilimkuta ameketi kwenye mizizi ya mkuyu ulioanguka, miguu majini, viatu pembeni. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba kwa utaratibu, bila uchungu, na akanisogezea nafasi. Nikabaki nimesimama.

"Mwaka jana," nikamwambia, "ulijua hayatafika?"

"Sikujua. Ningejua ningesema hayafiki."

"Kwa hiyo ulijua yatafika?"

"Hilo pia sikujua."

"Basi kwa nini ulisema kateni?"

Maji yalipitisha kipande cha gogo, akakiangalia mpaka kikapotea kwenye kona.

"Wewe ulikuwa na hasira," alisema, "na mimi nilikuwa na aibu ya mwaka ule wa malka. Watu wawili wa namna hiyo hawafai kumkatia mtu mpunga wake."

Nilingoja aseme pole, au anitake mimi niseme. Hakusema, na mimi, kwa miaka yote ya shule niliyopewa na shamba lile, sikuipata sentensi ya kuanzia. Mwishowe nikamwuliza nililotumwa.

"Mikono miwili," akasema. "Malka ya mama yako."

"Basi?"

"Basi."

Nilirudi nyumbani na hicho tu. Mama alinisikiliza, akaniuliza ni malka ipi, nikamwambia. Akafunga leso, akaenda shambani, nami nikamfuata nyuma. Alichuma kichwa kimoja cha mpunga upande wa mtoni, akauma punje, akatafuna polepole, akatema ganda. Akaenda katikati, akafanya hivyo. Akaenda mwisho, karibu na malka, akauma punje ya tatu, akasimama akiyatazama maji kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu. Miaka yote nilikuwa nikipeleka swali na kuleta namba, na sikuwahi hata mara moja kumfuata mpaka hapa.

"Si leo," akasema.

"Lini, mama?"

Alikuwa bado anatafuna.

Mpunga uko shambani ninapoandika haya, na mto unapanda.